Maswali ya Wasomaji: Vya Kutiwa Chomboni Kabla ya Kutweka Tanga

SWALI: Assalamu alaykum, mzee wetu wa safu hii. Mimi ni mkaazi wa Shela. Hivi karibuni nimenunua mashua kuukuu ya futi 22 iliyoundwa Matondoni, nikampa fundi aikalafati upya, yaani azibe nafasi za mbao kwa pamba, na nakusudia kuitumia kwa mambo mawili: kuwapeleka watu wangu Pate kwa jamaa siku za Idi, na kuwatembeza wageni Manda Toto bahari ikiwa shwari. Marehemu baba alikuwa baharia lakini mimi nimekulia dukani. Muuzaji mmoja wa vifaa vya bahari amenipa orodha ya vitu 23, kuanzia skrini ya kuonyesha njia hadi friji ndogo ya betri, na jumla yake inakaribia bei ya mashua yenyewe. Binamu yangu, ambaye ni nahodha, ameicheka orodha hiyo na kuniambia kwamba wazee walifika Uarabuni na Uhindi kwa tanga na dira tu. Nimsikilize nani kati yao? Na ikiwa nitanunua kidogo kidogo, nianze na nini?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu, na mashua yako Mungu aitie baraka.

Binamu yako amesema nusu ya maneno. Ni kweli wazee walikwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, lakini jahazi lililowapeleka halikuwa na tanga na dira tu. Lilichukua nanga zaidi ya moja, tanga dogo la kubadilisha upepo ukizidi, bildi ya kupimia kina, mashua ya kukokotwa nyuma, tangi la maji ya kunywa, na seremala pamoja na zana zake. Wao pia walikuwa na orodha, ila iliandikwa kichwani. Muuzaji wako naye si mwongo. Kosa lake ni kuipanga orodha kwa bei, cha ghali juu. Mimi nitakuomba uipange kwa kujiuliza ni kitu gani kikikosekana mtu atakufa, kisha ni kipi kikikosekana mashua itapotea, na mwisho kabisa ni kipi kikikosekana safari itachosha.

Cha kwanza, basi, ni majaketi ya kuokoa maisha, moja kwa kila mtu atakayepanda, na la mtoto liwe la mtoto. Usinunue kwa rangi. Tazama namba iliyoandikwa ndani yake: 50, 100 au 150, ikifuatwa na herufi N. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na pwani. Humsaidia kuelea lakini haliwezi kumgeuza aliyezimia ili uso wake uangalie juu. Kwa safari ya ndani, yaani kupitia Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, hadi Pate, chagua la 100, na ukitaka kutoka nje ya mlango wa Shela ambako bahari ni wazi, chukua la 150. Ongeza boya moja la duara lenye kamba ya kuelea, liwe karibu na mshika usukani, lisifungwe kwa fundo la kuhitaji kisu. Nimeona maboya mengi katika vyombo vyetu yaliyofungwa imara kwa kuogopa kuibwa, na mtu akianguka baharini hayamfai kitu.

Baada ya hayo, vifaa vya kutoa maji. Mashua ya mbao iliyokaa kavu kwa muda itavuja mpaka mbao zivimbe, hata ikiwa imekalafatiwa na fundi bora wa Matondoni, kwa hiyo siku za mwanzo iache majini na uichunguze asubuhi na jioni kabla hujampakia mtu. Upo wa kufulia maji ni mzuri kwa maji ya kawaida ya ngamani, chini ndani ya chombo, lakini wimbi likiingia juu ya ubavu utahitaji ndoo mbili ngumu zenye mipini ya chuma, zikiwa zimefungwa kamba ili zisielee zikaenda zao. Weka pia pamba ya kalafati, kipande cha mafuta mazito, patasi na nyundo katika mfuko mmoja. Halafu kuna jambo ambalo halimo katika orodha ya muuzaji kwa sababu halina faida kwake: chukua mitungi mitupu ya plastiki ya lita 20, ifunge vifuniko barabara, kisha ifunge kwa kamba chini ya mbao za kukalia, mingine omo (mbele) na mingine tezi (nyuma). Kila mmoja ukizama hubeba karibu kilo 20, na sita kati yake zinaweza kuwa tofauti ya mashua iliyojaa maji ikaelea na mashua iliyojaa maji ikaenda chini. Ikiwa farumi yako, yaani uzito wa kukituliza chombo, ni magunia ya mchanga, usiyafungie ndani ya chombo. Yawe ya kuinuliwa na kutupwa.

Sasa nije kwenye nanga, na hapa niruhusu nirefushe, kwa sababu katika vyombo vidogo vya Lamu nanga ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Wengi wetu twafikiri nanga ni kitu cha kusimamishia chombo wageni waogelee. Nanga ni breki yako. Tanga likichanika, mashine ikikataa, nawe mkondo unakusukuma kwenye mwamba, hakuna kingine kitakachokuzuia. Nunua nanga ya uzito ambao fundi aliyeunda vyombo vya ukubwa huo atakuambia unatosha, kisha uongeze kidogo. Kati ya nanga na kamba weka mnyororo wa mita tatu hadi tano: uzito wake huilaza nanga chini ili iume mchanga, na matumbawe hukata kamba lakini hayakati mnyororo. Kamba yenyewe iwe ya nailoni, kwa sababu hunyumbuka kidogo wimbi linapovuta na pia huzama. Ile kamba ya plastiki nyepesi inayouzwa rahisi huelea juu ya maji, na siku moja itajizungusha kwenye rafadha ya mashine yako au ya mwenzako.

Urefu wake wengi hukosea kwa kuusahau mwezi. Bamvua hapa kwetu huinua maji karibu mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa. Ukitia nanga maji yakiwa yamekupwa, penye kina cha mita tatu, saa sita baadaye kina kimekuwa mita sita, na kwa kuwa nanga yenye mnyororo mfupi na kamba huhitaji kutolewa mara tano ya kina, utahitaji mita 30 nje, wala si zile 15 ulizoona zatosha asubuhi. Chukua mita 50, na ncha ya mwisho uifunge mlingotini kabla ya kuondoka gatini. Mimi nilipokuwa kijana niliitupa nanga karibu na Manda Toto kwa mbwembwe, wageni wakitazama, na kamba yote ikaenda nayo mpaka ncha ikapita juu ya ubavu mbele ya macho yangu. Hakuna aliyeifunga. Nahodha wangu hakusema neno. Alitweka tanga tena, na aibu ile nikaishi nayo msimu mzima.

Kuhusu tanga, vifaa viko karibu vyote tayari, lakini vikague. Henza na jarari, yaani kamba za kupandishia tanga, ndizo zinazobeba foromali, ule mti unaoshika tanga, juu ya vichwa vya watu wako, nazo huliwa na jua na kapi kwa ndani kabla hazijaonekana zimechakaa kwa nje. Zifumbue nyuzi kwa vidole, na ukiona unga mweupe unatoka, badilisha. Foromali lazima liweze kuja chini kwa pumzi moja. Lijaribu ukiwa umetia nanga, si mara moja bali mara kumi, mpaka kijana wako aweze kutua tanga gizani. Tanga letu la pembe tatu halina vikunjo vya kulipunguza kama matanga ya Wazungu, kwa hiyo dawa ya upepo uliozidi ni kuwa na tanga la pili, dogo, na kulivaa mapema, gatini, wakati binamu yako anasema hakuna haja. Ukitaka kununua kitu kimoja cha bei kubwa mwaka huu, tanga hilo dogo liwe ndilo, wala si skrini.

Na demani, mwanangu, ile kamba ya kulivutia tanga, isifungwe fundo. Ishikwe mkononi, au izungushwe kwenye kigingi kwa namna ambayo mvuto mmoja wa mkono unaiachia yote. Upepo wa kusi, hasa mwezi wa Juni na Julai, huja kwa mapigo. Pigo moja likikuta demani imefungwa, mashua hulala ubavu kabla hujamaliza kusema neno. Kisu kikali kifungwe kwenye mlingoti ndani ya ala yake, kwa ajili ya siku ambayo mtu ameifunga licha ya kukatazwa.

Vifaa vya kuomba msaada huja baada ya hivyo, nami navitaja kwa ufupi kwa sababu ni rahisi kuvinunua na vigumu kuvitunza. Redio ya mkononi ya VHF isiyoingia maji ni bora kuliko ile ya kufungwa, kwa kuwa mashua yako haina betri kubwa. Chaneli 16 ndiyo ya dharura: unasema neno Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, kisha mahali ulipo, tatizo ni lipi na watu ni wangapi. Mawimbi ya redio hiyo huenda kwa mstari ulionyooka, na ukiwa umekaa chini nyuma ya mikoko hayafiki mbali, kwa hiyo simama. Kituo cha Mombasa cha kuratibu uokoaji, kilichofunguliwa mwaka 2006, ndicho chenye dhamana ya pwani yetu yote, lakini kwa kweli atakayekufikia kwanza ni mvuvi aliye karibu, naye mara nyingi hana redio. Kwa ajili yake chukua filimbi, kioo cha kumulikia jua, na fataki za ishara: nyekundu kwa usiku, moshi wa rangi ya chungwa kwa mchana. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake, kwani kwa kawaida ni miaka mitatu tu.

Usiku usiende, ila ukichelewa na giza likakukuta, uwe na tochi mbili zenye mwanga mweupe. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini huruhusu chombo cha tanga kilicho chini ya mita saba, na chako kina 6.7, kikishindwa kuweka taa za pande, kiwe na tochi tayari ya kuonyeshwa kwa wakati. Elekeza mwanga kwenye tanga lako, si kwenye macho ya anayekuja. Tanga lililomulikwa huonekana wazi. Tangu bandari mpya ya Lamu ifungue gati lake la kwanza mwaka 2021, Manda Bay hupitiwa na meli ambazo haziwezi kusimama wala kugeuka kwa ajili ya mashua, hata kama kanuni ingekuwa upande wako.

Ukiwa na mashine, chukua plagi ya akiba na spana yake, na mafuta kiasi cha mara tatu ya safari ya kwenda, ili theluthi moja ibaki kwa ajili ya usiyoyatarajia. Kasia mbili na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, usiviache nyumbani kwa sababu ya mashine. Upondo utie alama ya rangi kwenye kina ambacho mkuku wako, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, hugusa, na utakuwa na bildi ya kupitia Mkanda isiyohitaji betri. Ikiwa wageni wataka samaki wa kuchoma, jiko likae ndani ya sanduku lenye mchanga, upande wa chini ya upepo, mbali na mafuta, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali ambapo mtu hatalazimika kuruka moto ili aufikie.

Raha ya safari si anasa kama binamu yako anavyodhani, kwa sababu mtu aliyechomwa na jua na kukaukiwa na koo hufanya makosa. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, na jua linalorudi kutoka majini huingia chini ya kofia. Turubai jepesi la kivuli, linaloweza kuondolewa kwa mkono mmoja tanga linapogeuzwa, maji ya kunywa yasiyopungua lita tatu au nne kwa mtu kwa siku, mikeka mikavu ndani ya mfuko wa nailoni, tangawizi kwa wanaotapika. Na pazia. Majahazi ya zamani yalikuwa na choo cha sanduku kilichoning'inia nje ya tezi. Mashua yako haina nafasi hiyo, lakini ndoo na pazia zitawapa akina mama stara, na bila ya stara watajizuia kunywa maji safari nzima. Friji iache dukani. Barafu ndani ya sanduku la kuhifadhia samaki inatosha.

Kwa wageni wanaolipa kuna jambo la ziada: chombo cha abiria lazima kikaguliwe na kiwe na leseni, kwa hiyo nenda ukaonane na maafisa wa mamlaka ya bahari, KMA, kabla ya kununua majaketi, ili ununue yale watakayoyakubali.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, tumo katika boti kila mara kati ya Lamu na Mokowe. Watoto hupewa majaketi ya watu wazima, na sisi wanawake twaambiwa tuyavae ndani ya buibui ili yasituharibie mavazi. Je, ni sawa?
Mama, Langoni

JIBU: Si sawa, dada yangu, yote mawili. Jaketi lililo chini ya buibui halina nafasi ya kufanya kazi yake: nguo hulizuia lisikae mahali pake, na anayekuokoa hapati pa kukushika. Livae juu ya nguo zote, na kabla ya kupanda, kusanya upindo wa buibui ufunge kiunoni ili miguu iwe huru. Nguo iliyolowa haikuvuti chini kama watu wanavyoamini. Hatari yake ni kujizungusha miguuni.

Jaketi la mtu mzima juu ya mtoto ni hatari ya aina nyingine, kwa maana mtoto hupita chini yake likabaki jaketi peke yake linaelea. Mvike, mfunge mikanda yote, pamoja na ule unaopita katikati ya miguu, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Kidevu na masikio vikizama ndani, ni kubwa mno. Nunua lenu wenyewe, lililoandikwa uzito unaolingana na uzito wa mtoto, mulichukue kila safari kama mnavyochukua viatu. Nahodha akicheka, na acheke.

SWALI: Nina boti ndogo ya tanga Malindi na nimeona vijana wenzangu hutumia simu badala ya dira. Simu yangu ina ramani na huonyesha nilipo hata bila mtandao. Kuna haja ya kununua dira?
Kijana, Malindi

JIBU: Ipo. Ni kweli kwamba simu hupokea mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti bila kuhitaji mtandao, mradi ramani umeihifadhi mapema ukiwa nyumbani, na mimi mwenyewe huitumia. Lakini kioo cha simu kikilowa hakisikii kidole, ikiachwa juani hujizima kwa joto, na betri huisha wakati huohuo unapotaka kupiga simu ya kuomba msaada. Dira haina lolote kati ya hayo. Nunua iliyojazwa kimiminika, ifunge mbele ya mshika usukani, na iwe mbali na mashine, nanga, kisu na hasa simu yenyewe, kwani spika ya simu ina sumaku na huipotosha sindano. Nimewahi kumwona mtu akiiweka simu juu ya dira ili zote ziwe karibu.

Kwa Malindi nitaongeza kitu kimoja. Ramani, iwe ya karatasi au ya simu, haitakuonyesha kila kichwa cha tumbawe ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, na mafungu ya mchanga huhama. Macho ndiyo yanayokupitisha, na macho yanahitaji miwani yenye vioo vya kukata mng'ao wa maji, jua likiwa juu na nyuma yako. Rangi ya kahawia ni mwamba, kijani hafifu ni mchanga, buluu nzito ni kilindi. Ila wakati wa mvua Mto Sabaki huleta udongo kutoka bara na kuyafanya maji yote kuwa mekundu hadi mbele ya mji, na hapo miwani haisaidii kitu: kaa nje, subiri maji yajae, au tia nanga.